Njuga ya Marehemu Baba Ilivyonikosesha Jeneroza

Mke wangu hapendi niisimulie habari hii mbele za watu, anasema nikifika pale katikati sauti inanitetemeka mpaka leo kama mtoto aliyevunja mtungi, lakini leo mmenichokoza wenyewe, mmeuliza kwa nini fundi mzima na mvi zangu, nikiwa nimefungua redio ya mtu halafu ikatoa mlio wowote, hata kakelele kadogo tu, napaza sauti "Ni mimi!" kabla mtu hajauliza lolote. Mnacheka. Haya, chekeni, ila mkimaliza mnyamaze niwaambie, maana aibu niliyoipata siku ile sijaipata tena, na hofu niliyoipata siku ile namwomba Mungu asinionjeshe mara ya pili.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Tulikaa Ihanda, mimi na mama, katika msonge aliouacha baba, nyumba ya mviringo ya nyasi kutoka juu mpaka chini, ndani imegawanywa na ukuta wa matete. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, nina kahawa zangu na baiskeli yangu, sinywi sana, sipigani, ila nilikuwa na ugonjwa mmoja, waya. Wenzangu Jumapili wanafukuzana na wasichana, mimi nimekaa chini ya mgomba nazungushia waya wa shaba kwenye msumari, natia betri za tochi, msumari unageuka sumaku unanyanyua sindano, mimi nafurahi peke yangu kama mwendawazimu. Shuleni mwalimu mmoja alituonyesha jinsi ya kutengeneza kengele ya umeme: msumari ukishika umeme unakivuta kibati chenye nyundo ndogo, nyundo inagonga kengele, lakini kibati kikivutwa umeme unakatika, kinarudi, umeme unashika tena, kinavutwa tena, basi inakuwa kriiiii mpaka mwenyewe ukatishe. Kitu chenyewe ni hicho tu. Ningejua kitanifikisha wapi ningesoma ushonaji.

Sasa, nilikuwa nampenda msichana wa Nyakasimbi, Jeneroza. Alikuwa na meno yenye mwanya na ulimi mkali, na alinipenda (nasema kweli, msinitazame hivyo). Baba mdogo Baltazari, mdogo wake marehemu baba, alikwenda kwao kutoa neno, na baba yake msichana, Ta Rugaibula (kwetu wazee tunawaita Ta, na kina mama Ma), akajibu kwamba hakatai, lakini hatoi mtoto kwenda nyumba asiyoiona. Atakuja Jumamosi na dada yake, Ma Kokwijuka, waangalie kibanja, yaani shamba letu la migomba, na nyumba, wamwone na mama. Wakiridhika, neno litasemwa hapo hapo. Jeneroza akanitumia salamu: "Mwambie asiharibu. Baba ni mtu wa neno moja."

Asiharibu! Angeniacha tu nilale, nisingeharibu. Lakini mimi nikaanza kufikiri. Nikaona wenzangu wote wana migomba, wote wana kahawa, mimi nina kitu gani cha kumfanya Ta Rugaibula arudi Nyakasimbi akisema kijana yule ana akili? Nikaamua nitatega kengele ya umeme mlangoni. Mzee akanyage kizingiti, kriiii, ashangae, aulize, nimweleze kwa adabu, basi.

Kengele yenyewe ya kugongwa sikuwa nayo. Nilijaribu kopo la samli, likatoa sauti ya kikohozi. Nilijaribu kifuniko cha birika, hivyo hivyo. Na macho yangu, ole wangu, yakaenda kwenye ukuta wa matete, pale ilipotundikwa njuga ya mbwa wa baba.

Baba alikuwa mwindaji. Njuga ile ya chuma ilikuwa ya mbwa wake kiongozi, na mama alikuwa akiisikia kutoka mbali, anajua baba anarudi, anaanza kupakua. Siku tuliyomzika, baba mdogo aliitundika pale kwa mkono wake, na mama akatuambia asiiguse mtu. Njuga ya marehemu hailii bure, ikilia mwenyewe amekuja na neno lake. Miaka mitatu hata vumbi lake alilipangusa mama peke yake, akiishika ulimi isitoe sauti. Hayo yote nilikuwa nayajua, sikuwa mgeni. Nikajiambia sitaiondoa mahali pake, nitaiacha pale pale, nitaweka mtambo nyuma ya matete, upande wangu ninaolala, na kitundu kidogo cha kupitishia nyundo. Mama hataona. Baada ya wageni kuondoka nitatoa kila kitu. Uamuzi wenyewe haukuchukua muda wa kutafuna punje mbili za kahawa.

Betri za tochi zikashindwa, njuga ni nzito. Ijumaa nikapanda baiskeli hadi Nkwenda kwa Mzee Shabani, mwenye duka, mtu wa asili ya pwani, ndiye aliyekuwa akinipa waya za dinamo zilizokufa. Akaniazima betri ya gari, ile ya maji makali.

"Leonsi, hii si ya tochi," akaniambia, kidole mbele ya pua yangu. "Waya unaotoka na waya unaorudi zisikutane njiani. Zikikutana, mwanangu, ni moto."

"Nimeelewa, mzee."

Nimeelewa! Nilikuwa naitazama betri kama mtu anavyotazama nyama. Nikaifunga kwenye keria ya baiskeli, nikarudi mbio mabondeni na vilimani, yale maji yakirukaruka nyuma yangu, na mimi nimevaa suruali yangu moja nzuri (unakwenda Nkwenda bila kuvaa vizuri?). Asubuhi ya Jumamosi nainyanyua suruali niivae, nakuta makalioni matundu, si moja si mawili, imetoboka kama chujio. Nyingine ya maana sina. Nikaivaa, nikavaa na koti kuukuu la baba mdogo, nalo fupi, nikajiambia leo nitakaa nimeegemea ukuta, simpi mtu mgongo.

Mtego nilikuwa nimeshautega. Vibati viwili, kimoja juu ya kingine, katikati vipande vya gome la mgomba vya kuvitenganisha, ukikanyaga vinakutana. Nikaviweka karibu na mlango, betri ndani ya kikapu kando, waya nikazilaza sakafuni mpaka kwenye matete, halafu juu nikatandika nyasi. Mnajua siku ya wageni nyumba hutandikwa nyasi upya, nene, kavu, zinanukia, na mama alikuwa fundi wa kutandika. Waya zilizama humo kama hazipo. Waya zenyewe kuukuu, zimevikwa uzi uliochakaa, kwingine uchi kabisa. Hilo nililiona na nikalipita.

Wageni wakafika jua likiwa juu. Mimi na baba mdogo tukatoka kuwapokea, shikamoo, marahaba, habari za Nyakasimbi, njema, tukawazungusha kibanjani, Ta Rugaibula akigongagonga migomba kwa fimbo, Ma Kokwijuka akitazama kila kitu kwa jicho moja kama kuku. Kumbe huku nyuma mama, kwa wema wake, amesikia mzee anakohoa, akasema moshi wa jiko utamsumbua, akamsogezea kigoda cha heshima karibu na mlango apate hewa. Kigoda cha miguu minne. Mguu mmoja wa mbele ukakaa juu ya vibati vyangu.

Tukaingia. Nikasubiri kriiii. Kimya. Wakapita pembeni wote, wakaketi. Moyo ukashuka, nikasema basi, labda Mungu ameniepusha, nikaegemea nguzo na matundu yangu. Mama akaleta kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo, baba mdogo akaonja kwanza kama ilivyo desturi, mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukawekwa katikati, mazungumzo yakaenda vizuri mno. Ma Kokwijuka akauliza, "Na njuga ile ni ya nani?" Mama akamweleza, kwa sauti ya chini, habari yote, na kwamba tangu mazishi haijalia. Yule mama akatikisa kichwa kwa heshima.

Ndipo Ta Rugaibula akasafisha koo. "Sisi ni watu wa kuangalia," akasema. "Tumeangalia. Migomba tumeiona, kahawa tumeiona, mama wa nyumba tumemwona, ana moyo. Kwa hiyo mimi, kwa upande wangu, mtoto wetu ninawa..."

Na hapo akainama mbele kuchukua kahawa.

Kriiiiiiiiii!

Jamani. Nimewahi kukutana na chui, sikuogopa hivyo. Njuga ya baba ilikuwa inatetemeka ukutani mchana kweupe, hakuna mkono, hakuna upepo, na sauti yake ni ile ile niliyokuwa nikiisikia utotoni jioni zikiingia. Ngozi ikanisisimka mimi mwenyewe niliyeitega! Ta Rugaibula akaruka akakaa wima, uzito ukarudi nyuma, njuga ikanyamaza.

Mama alikuwa amesimama, sahani mkononi, anautazama mlango.

"Baba Leonsi?" akasema. Halafu, polepole, kama vile ni jambo la kila siku, "Umechelewa. Chakula kimepoa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nimeirudia dakika ile miaka yote hii, na kila nikiirudia nasema. Lakini siku ile nilianza kupiga hesabu kwanza. Nikisema ni mimi, nimeigusa njuga. Nimeigusa njuga kwa ajili ya mchezo. Na mama amekwisha kujibu. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye matundu ya suruali.

Baba mdogo Baltazari akapiga ishara ya msalaba, halafu akapiga magoti (alifanya yote mawili, hakutaka kukosana na mtu), akaanza kuongea na ukuta. "Kaka, tumekusikia. Kama una neno juu ya posa hii, liseme, sisi wadogo zako tupo."

Ta Rugaibula akainama mbele asikie marehemu atajibu nini.

Kriiiiiiiiii!

"Mama yangu wee!" akalia Ma Kokwijuka, akashika kichwa. "Anakataa! Kaka, mwenye nyumba anakataa!"

Mzee akasimama, njuga kimya. Akaketi tena, akasema taratibu, "Labda hakukataa. Labda anasalimia. Niseme tena." Akajikaza. "Ndugu yangu mwindaji, mtoto wetu Jeneroza tunawapa..." na kwa kuwa alikuwa anaongea na marehemu akainamisha kichwa kwa heshima, na kigoda kikainama naye.

Kriiiiiiiiii!

Sasa mama analia, baba mdogo anaapa na kuomba, na mimi naona Jeneroza anaondoka hivi hivi, kwa mguu wa kigoda. Ta Rugaibula akanyoosha mgongo, akanigeukia. Alikuwa na macho makavu, ya mtu anayejua kuuliza.

"Kijana. Wewe ndiye unayelala nyuma ya matete yale. Nakuuliza mara moja. Kuna mtu ameigusa njuga ile?"

Wote wakanitazama. Mama naye akanitazama.

"Hapana, mzee," nikasema.

Sijui ilitoka wapi hiyo hapana. Ilitoka yenyewe, laini kabisa, na ilipokwisha kutoka nikaona lazima sasa niifiche, nikauona waya chini ya nyasi karibu na kidole changu cha mguu, nikawaza nikiuvuta kidogo tu, ukachomoka, njuga haitalia tena, mzee atasema neno lake kwa mara ya nne na litakuwa limesemwa. Basi nikiwa nimeegemea nguzo, uso wa huzuni kama wa padri, nikauvuta kwa kidole.

Haukuchomoka. Nikavuta tena. Ta Rugaibula akainama kuokota fimbo yake aondoke, njuga ikaanza kriii, halafu ikakatika ghafla, kimya. Nikashusha pumzi. Nikasema ahsante Mungu, umeniona.

Halafu nikasikia harufu.

Waya unaotoka na waya unaorudi zilikuwa zimekutana njiani, pale uzi ulipochakaa, kama alivyoniambia Mzee Shabani. Moshi mwembamba ukapanda katikati ya nyasi za mama, nzuri, kavu, na kabla sijafungua mdomo ulimi wa moto ukatoka, ukatambaa kwenye mstari ulionyooka kutoka kikapuni mpaka kwenye ukuta wa matete, ule mstari wangu. Na nyumba ya msonge mnaijua, ni nyasi juu, nyasi kando, nyasi chini. Inaisha kabla hujamwita jirani.

"Moto!" Ma Kokwijuka akampita kaka yake mlangoni. Baba mdogo akaacha kumbembeleza marehemu, akaukumbatia mtungi wa rubisi, rubisi ya posa, aliyoisindika mwenyewe kwa siku kadhaa na hakuna aliyeonja hata tone, akaumwaga wote, fwaaa, mimi nakanyaga kwa miguu mitupu, mama anapiga kwa mkeka, Ta Rugaibula (Mungu amrehemu, hakukimbia) anapiga kwa koti lake. Moto ukafika kwenye matete ukaramba mawili matatu, na hapo mimi nikapiga kelele nisiyoijua.

"Ni mimi! Ni mimi niliyeitega! Ni waya! Kikapu, toeni kikapu!"

Nikarusha kikapu na betri yake nje, waya zikakatika, moto ukalowa rubisi ukafa. Tukabaki tumesimama kwenye matope ya nyasi nyeusi na pombe, nyumba nzima inanuka ndizi iliyoungua. Hakuna aliyeumia isipokuwa nyayo zangu. Nikapiga magoti mbele ya wazee kuomba radhi, nikainama mpaka chini, na nyuma yangu alikuwa Ma Kokwijuka anarudi ndani, ndiye aliyeyaona matundu yote kwa mpigo.

"Na suruali pia ni umeme?" akauliza.

Hakucheka mtu. Nikaeleza kila kitu, kibati, nyundo, kitundu, kigoda. Ta Rugaibula akaenda nyuma ya matete, akautazama mtambo muda mrefu, akakigusa kile kibati kwa kidole, kikarukaruka. Nikaona kama amevutiwa, nikapata tumaini la kijinga. Akarudi.

"Waya sina ugomvi nazo," akasema. "Ni kazi ya akili, nimeona. Lakini nilikuuliza, ukasema hapana. Ukanitazama machoni, mama yako analia, ukasema hapana. Ukangoja nyumba ishike moto ndipo ukasema ndiyo. Mtoto wangu sitampa mtu anayengoja moshi."

Akavaa koti lake lililoungua, akamuaga mama kwa heshima sana, wakaenda zao Nyakasimbi. Jeneroza aliniambia ni mtu wa neno moja. Mwaka uliofuata aliolewa na mnunuzi wa kahawa wa Nkwenda, na tulipokutana sokoni akanicheka kwa ule mwanya wake, akaniambia, "Nilikwambia usiharibu," halafu akaacha kucheka, akaenda zake.

Lakini hilo nililizoea. Lisilozoeleka ni la mama. Wageni walipoondoka sikugombezwa. Aliichukua njuga ukutani, akakaa kizingitini, akaanza kuifuta masizi kwa upindo wa kanga. Nikakaa karibu, nyayo zinawaka.

"Nilimjibu, Leonsi," akasema. "Mbele za watu. Nilidhani ni yeye, nikamjibu."

Angenipiga ingekuwa nafuu.

Nikarudisha betri kwa Mzee Shabani, nikaujenga ukuta wa matete upya, nikaoa baadaye hapa hapa Ihanda, na waya sikuziacha, mnaona wenyewe. Njuga ilirudi mahali pake. Miaka ikapita, mama akawa mzee, macho yakafifia, amekaa ndani mchana kutwa. Siku moja nimetoka shamba nimechelewa, mkungu wa ndizi begani, naingia ndani, napita kando ya matete, mkungu ukaigusa njuga. Ikalia, mara moja tu.

"Nani?" mama akaita kutoka upande wa pili wa matete.

Na mimi safari hii sikungoja. "Ni mimi, mama! Ni mimi nimeigusa!"

Nikasikia anasogeza chungu.

"Umechelewa," akasema. "Chakula kimepoa."

Nikaketi nikala, machozi yananidondokea kwenye ndizi. Tangu siku hiyo ndiyo nadhiri yangu, kitu kikilia mkononi mwangu, kizima au kibovu, nasema kabla sijaulizwa. Haya, nileteeni hiyo redio, na mkisikia kelele msishtuke.